Majibu Bado

Gakii alikuwa na miaka thelathini na tisa, na minane ya hiyo alikuwa ameitumia kuwalisha, kuwaogesha na kuwavisha wazee wa watu wengine. Alitoka Nkubu, Meru, akaja Sydney kwa visa ya masomo, akasomea kazi ya kuhudumia wazee, kisha akamleta mumewe, Mbuvi. Binti yao Mwende alizaliwa huku. Waliishi Quakers Hill, mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni, na Mbuvi aliendesha forklifti katika ghala moja la Wetherill Park. Kanisani watu walimjua Gakii kama mtu asiyechelewa. Kazini, katika nyumba ya wazee, hakuwa amekosa shifti kwa sababu ya ugonjwa kwa miaka minne, na ingawa hakulisema, jambo hilo alijivunia.

Mwaka 2020 corona ilipoingia, nyumba ile ilibadilika. Wahudumu walipimwa joto mlangoni kila asubuhi. Wengine waliacha kazi kwa hofu, na waliobaki wakagawana shifti zao. Kuanzia Machi hadi Agosti Gakii hakupata wikendi hata moja nzima nyumbani. Mbuvi ndiye aliyempeleka Mwende bustanini, kwenye sherehe za kuzaliwa za watoto wenzake, kila mahali. Siku moja Gakii aliketi akapitia picha za familia kwenye simu ya mumewe na kugundua kwamba hayumo.

Kwa hiyo rafiki yao Jerusha alipopendekeza safari, Gakii aliitaka sana. Jerusha na mumewe Wainaina walikuwa wamesikia habari za mji mmoja wa maonyesho ng'ambo ya Blue Mountains, uitwao Nugget Gully, uliojengwa ufanane na miji ya wachimba dhahabu wa zamani. Darasa la Mwende lilikuwa likisoma habari hizo hizo. Mtoto alihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Gakii akaomba ruhusa ya Jumamosi moja tu. Msimamizi wake, Mfilipino aitwaye Marisol, alimwonyesha rosta yenye mapengo na kumwambia kwamba angependa kumpa, lakini hana mtu.

Ijumaa jioni Mwende alimuuliza kama atakwenda nao. Gakii akasema hapana, kazi. Mtoto hakulia. Alisema sawa tu kwa Kiingereza, kama mtu aliyekwisha kulizoea jibu hilo, akaenda chumbani kupanga mkoba wake. Mbuvi alimtazama mkewe.

"Waambie unaumwa," alisema. "Siku moja. Nyumba haitaanguka."

Gakii alipiga simu akiwa amesimama bafuni, mlango umefungwa. Alisema koo linamwasha. Marisol akauliza kama ana homa, naye, kwa kutaka kuaminika, akasema kidogo. Marisol akauliza kama amepima. Swali hilo hakulitarajia. Akasema ndiyo, amepima mchana, anasubiri majibu. Marisol akamshukuru, akamwombea nafuu, akakata simu.

Uongo ule haukumchukua hata dakika mbili. Usiku huo alilala vizuri.

Asubuhi walitoka wakiwa na magari mawili, la Mbuvi mbele na la Wainaina nyuma. Sydney ilikuwa na mvua, lakini walipoivuka milima mbingu ikafunguka, na baridi ikawa kavu na kali. Saa nne walisimama kando ya barabara kwenye buti kubwa la zege, refu kama nyumba ya ghorofa mbili, lililojengwa na mtu fulani ili wasafiri wasimame wanunue petroli na mikate ya nyama. Ndani ya buti kulikuwa na ngazi ya chuma. Mwende alipanda hadi juu, akatoa kichwa kwenye tundu la kamba za kiatu, akapunga mkono. Jerusha alifungua hotipoti, wakala chapati na kuku wamesimama, mvuke ukiwatoka vinywani. Gakii alicheka sana pale. Baadaye, alipokuwa akijaribu kukumbuka siku ile kwa mpangilio, kilichomuumiza zaidi ni kwamba kweli alikuwa amefurahi.

Nugget Gully ulikuwa mtaa mmoja wa maduka ya mbao, wenye vumbi lililomwagiwa maji ili lisipeperuke. Kulikuwa na benki, kiwanda cha mhunzi, jela ya chumba kimoja, na hoteli iliyouza soda. Kibao langoni kilisema mji huo ulijengwa mwaka 1983, na Wainaina akachekesha watu kwa kusema kwamba mji wa kale umeshindwa umri na Gakii. Maduara meupe yalikuwa yamechorwa chini kuonyesha watu pa kusimama. Walisafisha mikono kwa dawa, wakaoneshwa jinsi ya kuchekecha mchanga kwenye karai, na Mwende akapata vipande vitatu vya dhahabu vidogo kama chembe za unga wa mahindi. Vilitiwa kwenye chupa yenye maji. Aliishika chupa ile mkononi muda wote na kukataa kuitia mfukoni.

Mwisho wa mtaa palikuwa na duka la mpiga picha. Unavalishwa nguo za enzi zile, unasimama mbele ya pazia lililochorwa, unapigwa picha ya rangi ya kahawia. Gakii alichagua gauni la kijani lenye mabega makubwa. Halikuwa gauni kamili, lilikuwa wazi mgongoni na lilifungwa kwa kamba juu ya nguo zake mwenyewe, na mpiga picha, mwanamke mrefu mwenye barakoa ya maua, alizifunga zile kamba kwa mafundo mengi. Akamvisha na kofia ya riboni. Saa nane na nusu, wakiwa wamekwisha kupangwa, simu ya Gakii ikalia ndani ya koti aliloliacha kwenye kiti. Mwende, aliyekuwa bado hajavaa, akaitoa na kumletea, akasema ni Auntie Anésie.

Anésie Ndikumana alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma kabla ya kuletwa Australia. Alikuja kazini kwa treni kutoka Campbelltown, safari ndefu, na hakuwahi kulalamika. Yeye na Gakii walihudumia upande mmoja wa nyumba, uitwao Wattle, wenye wazee kumi na wawili. Mmoja wao, wa chumba nambari nane, alikuwa Edna, bibi mwembamba mwenye ugonjwa wa kusahau. Mumewe Les, mzee wa miaka themanini na minne, alikuwa fundi wa mabehewa ya treni enzi zake. Tangu wageni waruhusiwe tena, mmoja kwa saa moja, alikuja kila Jumamosi saa nane akiwa na shati lililopigwa pasi na kitana chake mwenyewe, akamchana mkewe nywele. Edna hakumkumbuka jina siku nyingi, lakini kitana kikigusa kichwa chake alifumba macho na kutulia kwa namna ambayo hakutulia na mtu mwingine.

"Dada, pole na ugonjwa," Anésie alisema kwenye simu. "Umeamkaje?"

Gakii akasema anaendelea.

"Mzee Les amefika. Nimemwambia pale mlangoni hawezi kuingia, upande yetu yote imefungwa sababu ya kipimo yako. Ulimlisha Edna juzi, sasa wanaogopa. Anasimama tu nje na mvua, hataki kuondoka. Marisol anasema kama majibu yako yakitoka hata sasa hivi, anamwachia aingie. Yametoka?"

Gakii hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amewaza pengo kwenye rosta, hakuwaza milango. Sasa aliona wazi kilichotokea: alikuwa ametaja homa, akataja kipimo, na kwa maneno hayo mawili wazee kumi na wawili walikuwa wamefungiwa vyumbani. Na aliona pia kwamba sentensi moja ingetosha kuwafungulia. Hakuna kipimo, siumwi, nilidanganya. Jerusha alikuwa akijitazama kwenye kioo. Mpiga picha alikuwa anangoja na kidole kwenye kamera. Mwende alikuwa amesimama karibu kabisa, chupa mkononi, akimtazama mama yake usoni.

"Majibu bado," Gakii alisema kwa sauti ya chini, mdomo karibu na simu. "Niko kitandani tu, nasubiri. Wakinitumia nitakupigia."

"Bon, sawa. Pumzika, dada. Tunakuombea."

Mpiga picha aliwaambia wasitabasamu, kwa kuwa watu wa zamani hawakutabasamu pichani. Gakii hakupata shida kulitii agizo hilo. Picha ilitoka nzuri sana, kila mtu alisema hivyo.

Njiani kurudi, giza likianza kuingia, Mwende aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwa nini Mama alisema yuko kitandani. Mtoto yule hakuwa akizungumza Kiswahili, lakini alikisikia chote. Mbuvi akajibu kwa niaba ya mkewe kwamba ni mambo ya kazi, mambo ya wakubwa. Mwende akageukia dirisha, chupa yake mkononi.

Jumapili saa tatu asubuhi, Gakii akipasha chai, ujumbe wa Anésie ukaingia. Edna amefariki. Mhudumu alimpelekea uji akamkuta ameshakwenda. Daktari alisema ni moyo, ulisimama ghafla, hakuna aliyeweza kujua. Anésie aliongeza kwamba jana Mzee Les alisimama nje karibu saa nzima, kisha akaacha kitana chake mapokezi, akaomba mtu amchane Edna nywele. Anésie mwenyewe alimchana.

Gakii alizima jiko. Mbuvi aliposoma ujumbe ule aliketi, akasema mwanamke huyo angekufa tu, moyo ni moyo. Gakii akamwambia anajua. Alikwenda bafuni, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Kufa angekufa, ndiyo. Lakini Les angekuwa amemwona.

Mchana ule alifanya jambo ambalo baadaye alilionea haya kuliko yote. Alikwenda kupima. Alijipanga kwenye foleni ya magari, akateremsha kioo, na muuguzi alipomuuliza dalili zilianza lini, akasema Ijumaa. Alihitaji majibu ya kuonyesha. Jumatatu yakaja kwamba hana corona, akayatuma kazini, na Jumanne akarudi. Marisol alimgusa kiwiko kwa kiwiko, salamu ya mwaka ule, akamwambia afadhali yeye anayesema ukweli anapoumwa, kuna wanaokuja kazini wakikohoa.

Kazini hakuna aliyejua. Jerusha na Wainaina walidhani alikuwa amepewa ruhusa. Gakii alifanya kazi kama kawaida, akapita mbele ya chumba nambari nane, ambacho kwa siku tisa kilikaa kitupu, kisha akaletwa mzee mwingine.

Wiki ya tatu Les alikuja kuchukua vitu vya mkewe. Viliingia kwenye boksi moja. Alikuwa amevaa lile shati la pasi. Akawapa wahudumu chokoleti, kisha akamwita Gakii pembeni na kumpa bahasha, akamwambia anajua ni yeye aliyekuwa akimlisha Edna, na kwamba Edna alimpenda. Gakii akaichukua. Alimbebea boksi hadi kwenye teksi. Maneno yalimjaa kinywani tangu mlangoni hadi barabarani, na teksi ikaondoka akiwa bado ameyashikilia. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi yenye shukrani za mistari minne. Nyuma ya bahasha, kama wanavyofanya wazee wa huku, Les alikuwa ameandika anwani yake, Seven Hills.

Usiku huo huo Gakii alifungua daftari la shule la Mwende ili atie sahihi. Mwalimu alikuwa amewataka waandike habari za safari yao. Mwende aliandika ukurasa mzima: buti, jela, dhahabu tatu. Aliandika kwamba alikwenda na Dad, Auntie Jerusha na Uncle Wainaina. Kisha, kwa mwandiko wa uangalifu, aliandika kwamba mama yake hakuweza kuja kwa sababu alikuwa anaumwa kitandani. Hakuna aliyemwambia aandike hivyo. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amekaa akafikiri, akaamua kumlinda mama yake. Na ili amlinde, ilibidi amtoe kwenye siku ile yote.

Gakii alitia sahihi. Akalirudisha daftari kwenye mkoba wa mtoto.

Kesho yake, wakikunja mashuka katika chumba cha kufulia, Anésie alisema hapati usingizi. Alisema ni yeye aliyemfungia Les mlango, ni yeye aliyemtazama kwenye kioo akilowa. Pengine, alisema, angemwingiza tu kwa siri, na barakoa mbili, nani angeona? Alisema kambini aliwahi kuona watu wakizuiwa mlangoni kuwaona wagonjwa wao, na aliapa hatakuwa mtu wa namna hiyo.

"Anésie," Gakii alisema, "sikuwa naumwa."

Alimweleza yote, tangu simu ya bafuni hadi gauni la kijani. Hakujitetea. Anésie alisikiliza akiwa ameshika ncha mbili za shuka, na Gakii ameshika ncha mbili nyingine, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuondoka. Alipomaliza, Anésie alikunja shuka lile hadi mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Niliomba kwa ajili ya koo yako," alisema. "Nilifunga siku mbili."

Akaelekea nje. Mlangoni akageuka, akamwambia kwamba yeye hatamwambia mtu yeyote, lakini mzee anastahili kujua, na anayepaswa kumjulisha si Anésie.

Gakii alianza na Marisol, siku hiyo hiyo, kabla ya ujasiri kumtoka. Alitarajia kufukuzwa, na ndani yake alitamani hivyo. Marisol akasema hili ataliandika, akaliandika. Barua ya onyo ilikuja ya ukurasa mmoja, ikisema kwamba ikitokea tena atapoteza kazi. Kisha Marisol akamuuliza, bila kumtazama, kama anaweza kuchukua shifti ya Alhamisi, kwa sababu hawana mtu. Gakii akasema anaweza.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Seven Hills. Zilikuwa fleti za matofali mekundu karibu na reli, na mlango wa Les ulikuwa wa chini, una mlango mwingine wa wavu mbele yake. Les alifungua wa mbao, akabaki nyuma ya wavu. Alimtambua, akafurahi, akataka kumkaribisha. Gakii akamwomba asimkaribishe kwanza. Alivua barakoa ili mzee aone uso wake, akarudi nyuma hatua mbili, akasema aliyokuja kusema. Kwa Kiingereza yalikuwa mafupi kuliko alivyofikiri. Hakuwa mgonjwa. Alikwenda matembezi na familia yake. Anésie alipompigia simu, mzee akiwa amesimama mvuani, angeweza kusema ukweli na mlango ungefunguliwa, naye hakusema.

Treni ilipita, wote wawili wakaingoja ipite. Wavu ulimfanya Gakii asiweze kuuona vizuri uso wa Les.

"Ile Alhamisi," Les aliuliza hatimaye, "wewe ndiye uliyemlisha?"

Gakii akasema ndiye.

"Alikula?"

"Vijiko viwili vya boga. Halafu akasema kuna mtu anapiga filimbi nje. Akataka nifungue dirisha, nikafungua."

"Kulikuwa na mtu?"

"Hapana."

Les alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea kitu na kukiweka mahali pake. Gakii alikuwa amejiandaa kwa matusi, na mahali fulani, kwa siri, alikuwa amejiandaa kusamehewa. Hakupata hata kimoja.

"Asante kwa kuniambia habari ya dirisha," Les alisema. "Sasa nenda nyumbani, binti. Na tafadhali usije tena."

Akafunga mlango wa mbao bila kuubamiza.

Gakii aliporudi alimwita Mwende, wakaketi kitandani, akamwambia kwamba Mama alidanganya, kwamba ule uongo ulimuumiza mtu, na kwamba Mwende hana wajibu wa kuufunika. Mtoto aliuliza kama Mama ataingia jela. Gakii akasema hapana. Mwende akafikiri kidogo, akauliza kama basi imekwisha. Gakii akamwambia ukweli, kwamba hajui.

Anésie alipata kazi karibu na Campbelltown mwezi wa Novemba, akaondoka. Waliagana vizuri, na bado wanatumiana salamu za sikukuu. Gakii alibaki. Mwaka uliofuata Sydney ilifungwa miezi mitatu na zaidi, nyumba za wazee zikafungwa kabisa, na yeye ndiye aliyeshika kompyuta ndogo mbele ya nyuso za wazee ili watoto wao wawaone. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, na hakuwahi kujidanganya kwamba inalipa chochote.

Jumapili moja ya Septemba, ibada ikiwa mtandaoni, mchungaji aliwaomba wote wanaofanya kazi hospitalini na katika nyumba za wazee wasimame hapo walipo, ili kanisa liwapigie makofi. Kwenye kioo, kisanduku baada ya kisanduku, watu walianza kusimama sebuleni mwao, wengine wakifuta macho. Jerusha aliandika jina la Gakii kwa herufi kubwa, na mioyo myekundu mitatu. Mbuvi akamgeukia mkewe. Gakii alinyoosha mkono, akazima kamera, akabaki amekaa hadi makofi yalipokwisha.